Sauti ya Pete Ndani ya Gunia

Mashine ile ililetwa yadi ikiwa imechanganyika na mabomba ya bafu, miguu ya viti na jiko la gesi lisilo na mlango. Mtu fulani alikuwa amehama nyumba, na vitu alivyoviacha vikapakiwa kwenye mkokoteni hadi kwetu Kabiro, ambako kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuchagua vyuma chakavu: kopa huku, brasi kule, alumini kwenye gunia lake, na chuma cha kawaida kwenye rundo kubwa. Mwenye yadi aliitazama, akaona fimbo yenye kisahani chini na kiboksi juu, akaniambia niivunje. Sikuivunja. Nilitaka kwanza kujua inafanya nini.

Niliomba ruhusa nikaenda nayo nyumbani. Nilisugua kutu mahali pa betri kwa limau, nikatia betri mpya. Kioo chake kilikuwa kimepasuka na hakikuonyesha kitu, lakini nilipopitisha kisahani juu ya sufuria, mashine ililia. Wadogo zangu watatu wakaja mbio.

“Siste, hiyo redio yako iko na wimbo moja tu,” alisema yule wa kiume.

Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule darasa la saba, mwaka tuliobaki peke yetu, na tangu hapo mambo mengi nimeyajua kwa kuyarudia mpaka yakanikubali. Basi nilijaza udongo kwenye beseni, na kila jioni nikitoka kazini nikazika kitu kimoja na kukisikiliza. Msumari ulikoroma. Kizibo cha soda kilikoroma kisha kikapiga mluzi, kama kitu kisichojua kinataka nini. Karatasi ya kung’aa ya pakiti ya sigara ilitoa sauti ya katikati, fupi, inayokatika pembeni. Nati ya brasi, ile shaba ya manjano ya mifereji, ililia juu na safi.

Vijana wa yadi walikuwa wamesema kwamba hii ni mashine ya kutambua vyuma ardhini, na wenye nazo hutafuta pete za dhahabu. Kwetu kulikuwa na dhahabu moja, pete ya marehemu mama, ambayo niliivaa shingoni kwa uzi. Niliivua nikaizika kwenye beseni. Ililia juu na safi, karibu sawa kabisa na nati. Niliizika mara nyingi, kwa siku kadhaa, kwa kina tofauti, mpaka ningeweza kuitambua nikiwa nimegeuka nikipika. Nikajiambia, hii ndiyo sauti ya dhahabu.

Habari za mashine zilienda mbali kuliko nilivyodhani. Asubuhi moja mama mmoja kutoka Makina alifika yadi kwa miguu, pindo la buibui lake limejaa vumbi, akaniulizia. Alikuwa amepoteza pete. Katika familia yao, alinieleza, pete hiyo hutoka kwa mama kwenda kwa binti wa kwanza siku ya kupakwa hina. Yeye alivishwa na mama yake, naye mama yake alivishwa na nyanya. Hina ya binti yake ilikuwa kesho. Siku mbili kabla, alikuwa akipanda miche ya sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba, mikono yote imejaa tope, na alipokuja kutawadha ndipo akaona kidole kitupu.

Nilimuuliza kwa nini wasimwage udongo wote wauchekeche. Magunia yalikuwa sita, akasema, na moja tu ndilo lake. Mengine ni ya wapangaji wenzake. Miche ilikuwa imemzidi, akawapandia na wao. Kuyamwaga ni kuua mboga za ploti nzima.

“Kesho shangazi zake watanyoosha shingo waone nimemvisha nini,” alisema. “Na mimi sina cha kumvisha.”

Niliomba nafasi kwa mwenye yadi, nikaifunga mashine kwa leso, tukatembea pamoja. Tulipopita Ayany aliniuliza kama nina uhakika, nami nikamjibu kwamba sauti ya dhahabu naijua vizuri. Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Magunia yalisimama kwa safu kando ya ukuta wa mabati, yamejaa hadi kifuani mwangu, mboga zikichungulia kwenye matundu ya ubavuni. Nilisogea mbali na mabati kadiri nilivyoweza, nikaanza kupitisha kisahani polepole, juu kisha ubavuni. Udongo ulikuwa umezolewa kando ya reli, na kila nilipogusa mashine ilikuwa na neno la kusema. Mikoromo niliiacha. Sauti za katikati niliziacha. Iliposikika sauti ya juu, safi, niliingiza mkono kwenye tundu, nikapapasa taratibu nisikate mizizi.

Nikatoa nati. Gunia la pili likanipa ufunguo uliokatika. La tatu, nati nyingine na kipande cha kufuli. Mpangaji mmoja, mshona viatu aliyekuwa kazini mlangoni kwake, alikuwa akinitazama kila nikiingiza mkono.

“Endelea tu, fundi,” alisema. “Ukitokea Kisumu utusalimie.”

Gunia la nne lilikuwa la huyo mshona viatu. Ubavuni, upande wa nyuma, palikuwa na sauti ya katikati, laini. Nilipita juu yake mara tatu. Karatasi ya sigara, nikajisemea, nikaenda la tano.

Adhuhuri nilikuwa nimemaliza yote sita na vipande saba vya brasi vimepangwa juu ya jiwe. Yule mama aliniletea chai, akakaa karibu nami. Hakulalamika. Aliniuliza tu nilijifunzaje sauti ya dhahabu, nami nikavua uzi shingoni nikampa pete ya mama.

Aliipima kiganjani. Akaisugua kwa pindo la mtandio, akaielekeza kwenye mwanga na kuangalia ndani yake kwa muda mrefu. Aliniuliza mama yangu alipewa na nani. Na baba, nikasema. Na baba alikuwa akifanya kazi gani? Fundi wa mifereji.

“Njoo uone huku ndani, mwanangu,” alisema.

Ndani ya pete kulikuwa na mistari miembamba inayozunguka. Niliijua tangu utotoni. Nilikuwa nikiipitishia ukucha mama akiwa amenipakata, nikidhani ni mapambo ya sonara. Na kila siku ya kazi nashika nati makumi kwa makumi zenye mistari hiyo hiyo, njia za kupitisha skrubu, na sikuwahi hata siku moja kuvilinganisha. Baba alikuwa amechukua nati, akaipiga tupa kwa nje mpaka pembe zote sita zikaisha. Ndani tupa haikufika vizuri.

“Si dhahabu,” alisema yule mama. “Lakini aliyeitengeneza alikaa nayo siku nyingi.”

Nilidhani nitalia. Badala yake nilijikuta nikiwaza baba alikishikaje kitu kidogo vile bila kukikwaruza, na kama mama alijua. Nafikiri alijua. Kidole chake kilikuwa na alama ya kijani inayoachwa na brasi, ambayo aliisugua kwa majivu, na hakuwahi kumlaumu mtu kwa hiyo alama. Wadogo zangu ningewaambia jioni hiyo hiyo, na niliwaambia.

Lakini wakati ule, nikiwa na kikombe mkononi, jambo lingine lilinijia. Kama hii si dhahabu, basi sijawahi kusikia dhahabu. Asubuhi nzima nilikuwa nimetafuta nati, na nati nimezipata.

Nilimuuliza kama ana dhahabu nyingine yoyote. Alikuwa na pete nyembamba mkono wa kushoto, isiyovuka tena kifundo cha kidole. Nikamwomba anyooshe mkono hivyo hivyo, nikapitisha kisahani chini yake.

Sauti ilikuwa ya katikati. Chini zaidi kuliko brasi, mahali pale pale pa karatasi ya sigara, ila hii haikukatika. Ilianza taratibu, ikajaa, ikaisha taratibu, na nilipoirudisha kutoka upande wa pili ilikuwa vile vile. Niliirudia nikiwa nimefumba macho. Kisha nikainuka na kwenda gunia la nne.

Ilikuwa hapo, upande wa nyuma. Ilijaa na kuisha bila kukatika, kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia. Yule mama alimwomba mshona viatu ruhusa ya kung’oa mche. Yeye akaweka kiatu chini, akaja kuung’oa mwenyewe pamoja na donge lake la udongo, akilishika kama yai. Mama akalivunja donge kwa vidole. Pete ilikuwa katikati yake, imejaa tope.

Aliifuta, akaibusu, akakaa chini palepale kwenye udongo. Binti yake alitoka ndani, akaja kumshika mabega. Baadaye wakaniuliza nataka nini. Nilisema nataka kuizika tena, mara moja, niisikilize vizuri.

“Uizike tena?” Mama aliikunja ngumi juu ya pete.

Mshona viatu alicheka mpaka akakohoa. Binti ndiye aliyeelewa. Alikwenda akaomba uzi wa viatu, akaufunga kwenye pete upande mmoja na kwenye kidole chake upande wa pili, akaishusha pete kwenye tundu la gunia. Nilianza kusikiliza, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali.

“Basi?” mama aliuliza.

Nilimwambia bado, nikamwomba bibi harusi aishushe kidogo zaidi.