Vitambaa Vyekundu vya Lamisi

Zuweira hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Ila ulimi wake ulitangulia akili. Bamia za kwanza, zile nene na laini, alizipeleka soko la Savelugu au kwenye chungu cha mgeni. Mbegu alizitoa kwenye masalia: vitunda vilivyopinda, vilivyosahaulika hadi vikakauka mtini.

Miaka kumi na miwili ikapita hivyo. Shamba lililojaza makapu matatu likawa halijazi hata moja. Ng'ambo ya njia, bamia za mke mwenzake, Lamisi, ziliinama kwa kuzaa, na baadhi ya miti ilifungwa vitambaa vyekundu.

"Mvua ni ile ile, ardhi ni ile ile," Zuweira alimwambia mbele ya wanawake kisimani. "Zangu zinakwenda wapi? Na vile vitambaa ni vya nini? Kikulacho ki nguoni mwako!"

"Dada, sema unachotaka kusema."

"Nimeshasema."

Kwetu neno kama hilo, la kumshuku mtu uchawi, halihitaji mkia. Kufikia Ijumaa hakuna aliyegusa mchuzi wa Lamisi. Mume wao, mwoga yule, hakumtetea, na Lamisi akafunga mzigo wake akarudi kwa kaka zake.

Mwaka wa tatu tangu aondoke, akaja binti mmoja mtafiti wa mazao, akipima miti ya Zuweira mmoja mmoja.

"Mama, mbegu unachukua kwenye mti upi?"

"Wowote uliobakiwa na kitu. Zile nzuri tunakula, mwanangu. Nani ampe mgeni makapi?"

"Basi mmekula hodari, mkapanda wavivu. Miti haifanani, mama, kama watoto wa tumbo moja. Unaozaa sana ufunge kitambaa, usichumwe, uwe wa mbegu."

Zuweira akakaa chini palepale, tutani.

Kesho yake alimfuata Lamisi, akapiga magoti, akasema yote. Lamisi alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na fundo la mbegu.

"Chukua. Shamba litapona."

"Rudi nyumbani, dada yangu."

"Nirudi nimpikie nani?"

Msimu uliofuata bamia za Zuweira zilizaa kama zamani. Zuweira alikwenda kisimani akaungama mbele ya wote: Lamisi hakuwa na kosa, kosa ni langu, na mbegu hizi ni zake. Wanawake wakamsikiliza kwa heshima.

Jioni akapika chungu kizima, akakigawa nyumba kwa nyumba. Asubuhi bakuli zote zilirudi mlangoni pake, zimejaa mchuzi ule ule: hakuna aliyegusa bamia za Lamisi.