Mwaka Karanga Alipopelekwa Kusalimia

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Nachingwea mjini, sauti imemkauka kwa hofu. "Bibi, mbuzi wangu analia tangu jana. Hali, hanywi, anatikisa mkia tu. Nimwite daktari wa mifugo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza kwamba mbuzi wake haumwi, ni jike aliyekua na anataka dume, alisema, "Ah, kumbe," akakata simu. Maneno mawili tu, na kwake jambo limekwisha. Mimi jambo hilohilo lilinichukua mwaka mzima, na sina hakika kama nimelielewa lote mpaka leo.

Ngoja nikusimulie. Tulikuwa tukiishi Malolo, upande wa Ruangwa, watatu nyumbani: bibi mzaa mama, mama na mimi. Baba alikuwa Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, aking'oa visiki, akija nyumbani mara mojamoja. Wanaume wengi wa kwetu walikwenda huko miaka ile, na walirudi na kaptula za kaki na habari za mashine mbili zilizofungwa mnyororo mmoja, zikipita zinalaza msitu kama mtu anavyolaza nyasi. Sisi huku tulilima mtama, ufuta na muhogo kwa jembe la mkono. Nyumbani tulisema Kimwera. Kiswahili kilikuwa cha chuoni tulikosomea Kurani, cha sokoni, na cha mambo ambayo bibi hakutaka kuyasema wazi. Alipotaka kukwepa swali, alihamia Kiswahili, na hapo nilijua sitapata jibu.

Mbuzi wangu aliletwa na mjomba kutoka Kilimarondo. Mama wa mbuzi huyo alikuwa ameliwa na chui, na mwenyewe alikuwa mdogo kupita kiasi, anaingia kwenye kikapu cha kubebea muhogo na nafasi inabaki. "Mpe mtoto achezee," mjomba alimwambia bibi, "huyu hafiki Ijumaa." Nilimlisha uji mwembamba wa mtama kwa kitambaa nilichokichovya, naye akanyonya kidole changu pamoja na kitambaa. Ijumaa ilifika, na nyingine, na nyingine. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya kufifia kama ganda la ndani la karanga, na kwa kuwa baba alikuwa kwenye karanga, nikamwita Karanga. Alilala jikoni karibu na mafiga, akaamka na majivu puani. Alinifuata kisimani, akanifuata chuoni, akatafuna kona ya mkeka wa mwalimu tukiwa tunasoma kwa sauti. Alikua, lakini hakurefuka. Mwaka ulipopita alikuwa bado ananifikia gotini, na mimi mwenyewe nilikuwa na miaka tisa tu.

Wakati wa kupalilia, mvua zikiwa nyingi, Karanga akaanza kulia. Hakuwa mtu wa kulia. Alisimama mlangoni akaita kama aliyeibiwa, mkia unacheza, majani niliyomletea hayatazami. Nilijua anakufa. Nilitwanga majani ya mlonge, nikamkaba shingo nimnyweshe, akanitemea yote usoni. Nikakimbia shambani kwa bibi huku nalia.

Bibi aliacha jembe, akaja, akamwangalia Karanga nyuma, akajifuta mikono. "Haumwi," akasema. Kisha akahamia Kiswahili. "Kesho tunampeleka kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Watu."

Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga. "Mama," alimwambia bibi taratibu, "kambuzi kenyewe ndio haka. Katakufa."

"Kakisubiri kukua, tutachelewa," bibi akajibu. "Au wewe unaweza kusubiri?"

Mama aliinamisha kichwa akaendelea na mboga zake. Niliwatazama wote wawili. Sikuona mama anasubiri nini, wala hilo lilimhusu vipi mbuzi wangu.

Watu wa kusalimiwa walikuwa beberu wa mwadhini. Mwadhini wetu alikuwa mzee mpole, mwembamba, na alikuwa na beberu mkubwa mweusi mwenye ndevu, ananuka kiasi kwamba mwadhini alioga mara mbili kabla ya kwenda kuadhini, na bado watu wa safu ya mbele walijua katoka wapi. Tulimkuta mwadhini zizini. Bibi akanipa kamba nishike, wakaanza kuulizana hali za nyumbani, mazao, na jamaa walioko Nachingwea. Beberu akamzunguka Karanga, akakunja mdomo, akatoa sauti ya ajabu ambayo sikuwahi kuisikia kwa mbuzi. Kisha akampanda mgongoni.

Nilichoona mimi ni mnyama mkubwa anamuua mdogo. Kulikuwa na mchi umeegemezwa ukutani. Niliuinua nikampiga beberu ubavuni kwa nguvu zangu zote, nikaachia kamba, nikamkumbatia Karanga, nikakimbia naye kifuani mpaka nyumbani. Nyuma yangu nilimsikia mwadhini akisema, "Lo! Mtoto wa nani huyu?" na bibi akijibu, "Wangu," kwa sauti ya mtu anayetamani jibu lingekuwa jingine.

Nilitegemea kuchapwa. Bibi alirudi, akaketi, akacheka peke yake kwa muda mrefu, kisha cheko likamwisha ghafla akawa na uso wa mashaka. "Sasa mpaka alie tena," akasema. Zikapita kama Ijumaa tatu, Karanga akalia tena. Safari hii bibi alinituma kisimani, na niliporudi na mtungi kichwani, Karanga hayupo. Walirudi naye jioni, ametulia, anatafuna kama kawaida. Nilimkagua mwili mzima nikitafuta jeraha. Hakuwa na hata mkwaruzo. Nilihisi nimesalitiwa, ila sikumjua aliyenisaliti: bibi, mwadhini, au Karanga mwenyewe, aliyenipita akaenda kulala bila kuonyesha kwamba kuna lolote.

Basi miezi ikaenda. Mtama ulichanua, ukaamiwa ndege wasiule, na ufuta ukakatwa na kuegemezwa ukauke. Karanga akanenepa pembeni kama kapu lililopakiwa vibaya. Na mama naye akanenepa. Mimi sikuambiwa kitu. Mimi mwenyewe, kwa maelezo ya bibi, niliokotwa chini ya mafungu ya ufuta, na sikuwa na sababu ya kutoamini. Lakini macho nilikuwa nayo. Karanga alikuwa akilamba udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba, na asubuhi moja nilimkuta mama mahali palepale, anamega kichuguu kilekile, anatafuna. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, aliyekuwa na wageni wawili barazani.

"Bibi, kwani mama naye alipelekwa kusalimia?"

Mgeni mmoja alimwagikiwa na uji mapajani. Bibi alinifinya sikio mpaka nyuma ya nyumba, na huko, akiwa bado ameshika sikio langu, mabega yake yakaanza kutikisika, akafunika mdomo kwa kanga. "Mke mwenzangu," akasema, ndivyo alivyoniita akiwa na furaha nami, "funga mdomo huo nitakununulia sukari guru." Sukari nilipata. Jibu sikupata.

Karanga alishikwa na uchungu saa sita mchana, jua kali, bibi na mimi tukiwa tunapepeta ufuta. Alijinyoosha kwenye kivuli cha ukuta, akasukuma, akasukuma, na kitu hakikuja. Bibi alijaribu mkono wake wa kulima, vifundo kama mizizi. Haukuingia. Akauangalia mkono wangu.

"Nawa. Paka mafuta."

"Bibi, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Paka."

Sijawahi kumwambia mtu vizuri jinsi ilivyokuwa. Palikuwa na joto kali na kubana, na ndani kabisa kulikuwa na kigoti kidogo, kimejikunja. Bibi alinielekeza, safari hii kwa Kimwera, neno kwa neno, bila kukwepa chochote: shika, rudisha nyuma, nyoosha, sasa vuta akisukuma. Kikatoka kitoto cha kike, chepesi kama kuku, na Karanga akageuka akaanza kukilamba huku akikisemesha kwa sauti ya chini. Nililia, na bibi akanipangusa machozi kwa kiwiko kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu.

Kama siku saba baadaye mama naye akajifungua, mtoto wa kiume. Wakati huo nilikuwa nimeshajua ufuta hauhusiki. Nyumba ilijaa wanawake, kisha wakapungua, tukabaki sisi. Mtoto analia. Mama anamweka kifuani, mtoto ananyonya, anaachia, analia. Siku ya nne bibi alichukua bakuli, akaenda kwa Karanga, akakifunga kitoto chake kwenye nguzo, akakamua.

Kwetu watu hawakuwa wakinywa maziwa ya mbuzi. Jirani mmoja alisema mtoto atakua analia mee. Bibi akachochea moto. Alichemsha yale maziwa, akayapunguza kwa maji, akamnywesha mdogo wangu tone kwa tone kwa kijiko. Na Karanga, kwa udogo wake, hakuwa na maziwa ya kutosha watoto wawili. Kitoto chake nilikipa uji wa mtama, kama nilivyomlea mama yake, lakini hiki hakikutaka. Kilisimama kwenye nguzo kikiita, na Karanga akiitika, na mimi katikati.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Bibi alipokwenda shambani nilikifungua. Kilinyonya mpaka tumbo likawa kama ngoma, na mimi nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Bibi alirudi na bakuli lake, akakamua, hapakuwa na kitu. Alikwenda ndani, akamchukua mtoto, akaniwekea mapajani.

"Mbembeleze wewe."

Alilia mchana kutwa. Mikono ilinifa ganzi. Alasiri bibi akaketi kando yangu. "Baada yako walizaliwa wawili," akasema. "Uliambiwa wamekwenda kwa shangazi. Hawakwenda kwa shangazi. Maziwa ya mama yako hukauka. Ndiyo maana sikumngoja mbuzi wako akue."

Kesho yake alfajiri nilikifunga kitoto cha mbuzi mwenyewe. Bibi hakuniomba. Kilidumu siku kumi na moja. Nilikikuta kimelala kwenye nguzo, shingo imenyooka kuelekea kwa mama yake, na sikujua nimlilie nani, kwa sababu ndani mdogo wangu alikuwa ameanza kushika kidole cha mtu na kukikaza.

Haikupita wiki mbili baba akatokea, kwa miguu kutoka Nachingwea, kikapu begani. Aliandikiwa barua, ikachelewa kumfikia. Alitoa makopo ya maziwa ya unga, moja baada ya jingine, akayapanga mkekani, kopo la mwisho akaliinua juu kama mtu aliyeua mnyama. "Nimeleta maziwa!" Mama akamshukuru. Bibi aliyatazama yale makopo, akanitazama, akaingia jikoni. Hakuna aliyemwambia baba kitu, na mimi nilitoka nje nikaketi karibu na ile nguzo, nikiwa na furaha na hasira, bila kujua ipi ni ipi.

Sasa hapo pote hapatambuliki. Wazungu waliacha karanga zao, vichaka vikafunga mashamba. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara, na mahali pa nyumba yetu mtu amepanda mikorosho. Zizi la mwadhini sikulipata, na wa kumuuliza hayupo. Mdogo wangu anaishi Naipingo, mzee mwenye mvi, anapenda chai ya maziwa, na habari ya kitoto kile sijampa.

Lakini kuna kitu kimoja huwa kinanirudia. Makopo yalipokuja, Karanga hakukamuliwa tena, na maziwa yake yakakauka. Hata hivyo kila asubuhi, saa ileile, alikuja mwenyewe hadi mkekani, akasimama juu ya mdogo wangu, akamlamba utosi polepole huku akimsemesha kwa ile sauti ya chini. Mama alimwacha. Nami nilikaa hapo nikiwatazama, na sikuweza kujua kama anadhani huyo ni wake, au anajua si wake.