Kiti cha Sikujua

Sikujua binti Kassimu alikuwa na ugomvi na kiti. Si kiti chake, maana kwake palikuwa na mkeka na kigoda cha jikoni, basi. Ni kile kiti cha mbao chenye mgongo, ambacho mwalimu Sylvestre, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikimbilia kukitoa ndani kila alipomwona akiingia uani.

Pale Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye arusi au kilio, wanawake wa nyumbani walikaa chini, miguu imenyooshwa, wakimenya ndizi na kusengenya. Kiti kilikuwa cha mgeni. Na Sikujua, aliyezaliwa karibu na ziwa hilo hilo, aliyeanika ndagala, yaani dagaa, kwenye mchanga ule tangu meno ya utotoni hayajang'oka, alikuwa mgeni. Baba yake ndiye aliyetoka Ujiji na magunia ya chumvi, akaoa, akafa, akazikwa hapo hapo. Lakini nenda ukawaambie watu! Kwao kila Mwislamu mwenye mtandio alikuwa na kwao kwingine, na adabu ilitaka aulizwe anarudi lini.

Siku ya uhuru alivaa gauni jipya, akawahi uwanjani ili asikose nafasi ya mbele. Bendera ikapanda, akapiga vigelegele mpaka koo likamkauka. Mzee mmoja akamgeukia kwa upole kabisa. "Ninyi kwenu Tanganyika mulishapata mwaka jana, si ndiyo? Hii ni yetu." Alirudi nyumbani, akalivua gauni lile, akalikunja, na hakulivaa tena.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wenyewe hawakuwa wabaya. Wangekuwa wabaya, ungeweza kuwachukia ukapumzika. Domitille, mke wa Sylvestre, alimletea kaa la moto asubuhi, na mvua ikitishia alitoka mbio kumsaidia kuzoa ndagala. Alimpenda, hilo halina ubishi. Lakini mama yake Sylvestre alipofariki, Sikujua alikwenda na kuni na unga wa muhogo, akajipenyeza mkekani katikati ya wanawake, akakaa. Alikuwa analia kweli. Mara akaguswa bega.

"Hapana, dada Sikujua," Sylvestre alimnong'oneza, kiti mkononi. "Mugeni hawezi ikala chini na kiti iko."

Akasimama mbele ya macho yote yale, akakaa kitini. Akawa analia peke yake kule juu, na hata machozi yenyewe yakaona haya, yakakauka.

Basi akasema, ngoja niende huko kwetu wanakokusema. Alipanda boti mpaka Ujiji, kwa shangazi yake Fatuma. Shangazi akaita majirani, "Njooni mumwone Mrundi wetu!" Kisha akaagiza kiti. Sikujua hakumaliza wiki.

Mwaka wa sabini na mbili, mwishoni mwa Aprili, damu ilimwagika pwani ile yote. Waasi wa Kihutu waliua watu, kisha jeshi likaja kulipiza, na kulipiza huko hakukumtafuta mwenye kosa. Kuwa Mhutu na kujua kusoma kulitosha. Sylvestre alichukuliwa darasani, akapandishwa lori pamoja na walimu wenzake.

Domitille aliingia kwa Sikujua kwa mlango wa jikoni, mwanawe Sabine mgongoni. Sikujua alivua mtandio wake akamfunga, akamvika kanga yake.

"Mama Sabine," akamwambia, "kuanzia sasa wewe huna mdomo. Nitasema mimi."

Boti la mchuuzi mmoja, Mbaraka, lile la kwenda Kigoma, lilikuwa linapakia ufukweni. Wanajeshi wawili walisimama hapo. Mmoja akamnyooshea Domitille kidole.

"Huyu ni nani?"

Sikujua alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini yalimkwama. Maisha yake yote alibishana na mji mzima kuhusu maneno hayo hayo.

"Ni mudogo wangu, shefu. Sisi ni wageni hapa. Kwetu ni Ujiji. Alikuja kunisalimia, sasa anarudi."

"Na wewe?"

"Mimi ninabaki. Niko na ndagala zangu pale."

"Mugeni anabaki kutafuta nini wakati huu?" Mwanajeshi alimtazama kwa makini, kisha akamtazama Domitille tena, kwa muda mrefu zaidi. "Pandeni wote. Muende kwenu."

Hakuwa amefunga hata mlango. Alitazama njia ya nyumbani, akamtazama Domitille anavyotetemeka ndani ya kanga, akapanda. Boti halijatoka, kunguru wakawa wameshashuka kwenye ndagala zake. Akawatukana kwa Kirundi, kimoyomoyo, maana kwa sauti asingeweza.

Walikuwa kwa shangazi Fatuma wakati mvuvi mmoja wa Minago, kijiji cha upande wa Rumonge, alipoleta habari kwamba walimu wa lile lori waliuawa wote. Shangazi akatandika mkeka mpana uani. Wanawake wa mtaani wakaja, wakatoa pole, wakarudi kwenye kazi zao. Wao hawakumjua marehemu. Sikujua alipotaka kukaa karibu na Domitille, shangazi akamletea kiti.

"Kaa hapa juu, mwanangu, umechoka na safari."

Domitille alikisukuma kiti kwa mguu.

"Hapana," akasema. "Huyu iko wa kwetu. Anaikala chini."

Sikujua akakaa, akanyoosha miguu. Neno hilo alikuwa amelisubiri tangu utoto, na sasa aligeuza shingo huku na huku akitafuta nani mwingine amelisikia. Uani hapakuwa na mtu mwingine wa Rumonge hata mmoja. Mkeka ulikuwa mpana, na juu yake walikuwa wawili tu, na mtoto amelala.