Mafunjo, Lami na Nondo za Ghorofa Ijayo

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua viatu. Ilikuwa juu ya paa la zege la ghala moja pale Igogo, saa saba mchana, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha. Msimamizi wa Ujenzi, mtu mfupi asiyecheka, hakukitazama. Alinionyesha zege tupu akasema, "Binti, simama hapo mpaka ujue tunafanya kazi gani." Niliruka kama bisi kwenye sufuria. Mafundi walicheka mpaka wakaketi chini, na mimi nikawa nimeelewa kihami joto ni nini: ni kitu kinachowekwa kati ya jua na binadamu ili joto lisipite.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojenga sasa, maana nimepita mitaani nikaona mnarudia yaleyale yaliyoniotesha mvi.

Miaka ya mwanzo tulitandika mabamba ya povu, ndugu wa yale meupe yanayofungiwa televisheni mpya. Joto yalizuia, sikatai. Lakini povu hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, husafirishwa kwa meli na malori, na ukilikata vipande vyake hupeperuka mpaka ziwani. Huku nyuma ya ghala lilelile mafunjo yalikuwa yameota mpaka yanaziba njia ya mitumbwi, na hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Aliyeyatazama ni Mhandisi Mkazi wa mradi wa Mkuyuni, yaani mhandisi anayeshinda palepale kazini. Nilipohamishiwa kwake alinikabidhi bua la funjo lililokauka, akaniambia nilivunje. Ndani lilikuwa jepesi, limejaa vishimo vya hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Mmea unapokua, alinieleza, huvuta hewa ukaa, hii inayotutibulia mvua na kiangazi, ukaihifadhi mwilini mwake. Ukiulaza ndani ya paa ukiwa mkavu, hewa hiyo inabaki imefungwa. Ukioza, inarudi ilikotoka. Akina mama wa ufukweni walituvunia, wakiacha mashina yachipue tena. Tuliyaanika, tukayatumbukiza kwenye maji ya chokaa wadudu wasiyaguse, tukayabana kuwa mabamba. Kwenye paa bapa mabamba hulala juu ya zege, juu yake tabaka jembamba la sementi lenye mteremko wa kupeleka maji kwenye bomba, kisha utando wa lami, na mwisho rangi nyeupe ya kurudisha jua lilikotoka.

Kazi haikuwa ngumu. Wenye majengo ndio walikuwa wagumu. Unamweleza mtu tangu asubuhi, anakusikiliza kwa adabu, halafu anauliza kwa nini umrudishie nyasi wakati babake alihangaika maisha yake yote kuziondoa aezeke bati. Nilijibu swali hilo mpaka likanichosha ulimi.

Basi tukapata zahanati moja ya mtu binafsi. Wodi ya wazazi ilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Mchana wajawazito walitoka na kanga zao wakalala koridoni, na muuguzi aliniambia wengine walikuwa wakienda kujifungulia nyumbani kuliko kuokwa mle. Mwenye zahanati, mzee mpole aliyeanza na duka la dawa, alikubali mafunjo. Alichokataa ni kukata nondo.

Mnazijua hizo nondo. Nguzo zikimalizika, vyuma vinaachwa vimechomoza juu ya paa vikisubiri ghorofa ya pili. Mji mzima umesimamisha vyuma kusubiri ghorofa. Hata marehemu mume wangu alipojenga kibanda chetu aliziacha, akisema ni za watoto. Sasa sikilizeni: chuma kikipata jua hutanuka, jioni husinyaa, na kila siku hujisugua na lami iliyokizunguka mpaka panakuwa na ufa. Maji hufuata chuma hadi kwenye mafunjo. Na msinikaririe kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wote wanaijua hiyo tangu shule ya msingi. Ufa wa juu ya paa hauhesabiwi kwa sababu hakuna anayepanda kuuona.

Nilimsihi yule mzee. Nilimwuliza ghorofa ataijenga lini, akasema Mungu akijalia.

Wodi ilipoa, akina mama wakarudi vitandani, muuguzi akaniletea sangara mzima. Masika ya pili dari ikaota madoa meusi. Mzee akapiga simu ofisini kwamba nyasi zetu zimeoza, na Meneja wa kampuni yetu, ambaye hakuwahi kupanda ngazi yoyote zaidi ya ile ya ofisini kwake Nyamagana, akatangaza kwamba mafunjo basi, tung'oe, turudi kwenye povu, pale na kila mahali. Nililia kwa hasira, sioni haya kusema.

Mhandisi alimwomba Meneja aje aone kwanza. Tulifungua paa wote tukiwa juu. Katikati mafunjo yalikuwa makavu, yananukia chokaa. Kuzunguka kila nondo yalikuwa matope. Meneja aliona, mzee akaona, na nikadhani mambo yameisha.

"Nimeona, mama," mzee akasema. "Ila nondo usikate. Nikizikata watu watasema nimeishia hapa."

Nilikaa juu ya mfuko wa sementi. Kisha nikamwambia kama hazikatwi basi tuzizike. Kuzunguka kila fungu la nondo tulimwaga kisiki cha zege kinachofika magotini, tukazifunika mpaka nchani, tukaipandisha lami ubavuni na kukivisha kisiki kofia ya bati. Siku akitaka ghorofa, avunje azikute. Mafundi waliviita vichuguu. Mzee alivipenda kuliko paa lenyewe, maana kutoka barabarani vilionekana kama ghorofa imeshaanza. Maji hayakupita tena. Mafunjo yakabaki, pale na kwingine, mpaka nilipostaafu mwaka jana. Ghorofa hadi leo haijajengwa.

Nimestaafu na magoti mabovu na nyumba yangu Igogo, yenye joto kuliko ghala la siku ya kwanza. Ndiyo aibu ya mganga asiyejiganga. Juzi nimeita fundi anitandikie mafunjo, nikamwambia aje na msumeno wa chuma, aanze na nondo za marehemu. Watoto mmoja yuko Dodoma, mwingine Dar, na wote wamejenga hukohuko. Hakuna anayekuja kuishi juu ya kichwa changu.

Nilipanda naye. Zilikuwa zimeota kutu, na moja bado ina waya aliouzungushia marehemu mwenyewe ili nianikie kanga. Fundi akaweka msumeno, akanitazama.

"Mama, nikate?"

Nimegombana na mji huu karibu maisha yangu yote kwa ajili ya hizo nondo. Nilisimama pale, miguu ikiungua ndani ya kandambili.

"Acha," nikamwambia. "Koroga zege."