Tulivyozunguka Mombasa Kutafuta Shangazi

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na nywele ndefu kuliko zangu, na jambo hilo liliniudhi sana. Kila asubuhi mama alimsuka mikia miwili, akaifunga utepe mwekundu. Wanawake wa Kiorma waliokuja dukani kwetu, pale Garsen, kununua majani ya chai, walidhani ni binti. Wakampaka samli kichwani kwa mapenzi, naye akashinda kutwa akinuka maziwa na kujaa maringo. Mimi binti mwenyewe hakuna aliyenipaka kitu.

Zile nywele zilikuwa nadhiri. Sisi ni Wahindu, na kabla ya mdogo wangu mama alizika watoto wawili, wote kwa homa, wote kabla ya kutimiza miaka mitano. Huyu alipozaliwa, mama aliahidi kwamba wembe hautamgusa mpaka apelekwe hekaluni Mombasa, na kwamba atanyolewa huko kabla hajafika umri huo. Lakini kila mwaka lilizuka jambo. Mara mto Tana umefurika, mara barabara imekatika, mara baba hana wa kumwachia duka. Tukaja kustuka mtoto anakaribia mitano na masika yanapiga hodi. Mama hakusema kwamba anaogopa, ila vikombe vilianza kumponyoka mikononi.

Na kunyolewa kwenyewe kuna utaratibu wake. Nywele za kwanza hazianguki chini. Shangazi wa mtoto, dada wa baba, hukaa akazikinga mapajani kwa nguo yake, kisha huomba zawadi aitakayo, na hakataliwi. Pasipo shangazi, hapana kunyoa. Dada za baba walikuwa Bara Hindi, hata sura zao hatuzijui. Baba akatuambia tusiwe na shaka, binamu yake wa Mombasa ana mke, tutamwazima. Baba aliamini hakuna kitu duniani kisichoazimika.

Tukapanda lori lililobeba ngozi za ng'ombe. Pamoja nasi alikuja mama mmoja Mpokomo wa Kulesa, Mkristo, aliyekuwa akiuza ndizi barazani kwetu. Yeye ndiye mkunga aliyetupokea sisi sote. Alisema anataka kuona maji ya mto yanakokwenda.

"Nimeyaona yakipita tangu nizaliwe. Sasa nataka niyaone yakifika."

"Mto unaishia Kipini, si Mombasa," baba akamwambia.

"Kipini hakuna lori la bure."

Ndivyo walivyokuwa wale wawili, utani asubuhi, utani jioni. Baba alidai kwamba chai ya mama yule huliwa kwa kijiko, kwa wingi wa sukari. Yeye naye aliwatangazia wateja kwamba mizani ya baba ina usingizi, hulalia upande mmoja. Wakimuuliza mbona basi hanunui kwingine, alijibu mbele ya baba mwenyewe, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," na baba akacheka mpaka akajifuta macho.

Hata Minjila hatujafika, mdogo wangu akaanza kutapika, na mikia yake miwili ikapata sehemu yake. Malindi tulisimama kunawa. Mama wa Kulesa akateremka mpaka ufukweni, akachota bahari kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Loo! Maji yote haya, na hayanyweki! Huu si wizi?"

"Usiniangalie mimi," baba akasema. "Chumvi hii sikuiuza mimi."

Tulipofika nyumbani kwa binamu tukakuta viatu vimejaa mlangoni na watu wamekaa chini kimya. Mama mzazi wa yule shangazi wetu wa kuazima alikuwa amefariki juzi yake. Kwetu, nyumba yenye msiba haiingii hekaluni mpaka siku za matanga ziishe, na sisi lori letu lilikuwa linarudi kesho yake. Mama akakaa juu ya furushi letu, akamshika mtoto mkono. Baba akakohoa.

"Mombasa nzima hii, tutakosa shangazi?"

Basi tukaanza kuzunguka. Hekalu la kwanza lilikuwa kubwa, la marumaru tupu, na mlangoni wamechorwa tembo waliovaa vizuri kuliko sisi. Wanawake wa pale walitutazama, vumbi mpaka kwenye kope na harufu ya ngozi, wakatuuliza kabila, ukoo, na kijiji cha babu, mpaka nikadhani tumekuja kuposa. Mwishowe wakasema, kwa adabu zao, kwamba kukinga nywele ni kuingia undugu, na ndugu haokotwi mlangoni. Hekalu la pili, bibi mmoja alikubali, ila akataka kwanza amuulize mumewe, na mume akataka amuulize kaka yake, na kaka yuko Nairobi.

Baina ya hekalu na hekalu, baba alitutembeza kana kwamba ndicho kilichotuleta. Alituonyesha ile ngome ya Wareno, ambayo siku hizo ilikuwa jela.

"Humu," akamwambia mama wa Kulesa, "hufungwa wanaotukana wenye maduka."

"Na wenye mizani je? Wana ngome yao peke yao?"

Tukaenda kuona zile pembe kubwa za bati zinazovuka barabara. Mama wa Kulesa akazizunguka, akazigonga kwa kidole, akasema tembo wa kwetu wakiziona watakufa kwa kucheka. Sisi tulicheka, lakini mama hakuiona ngome wala pembe. Alikuwa akimfuata kwa macho kila mwanamke wa sari aliyepita.

Hekalu la tatu lilikuwa dogo, kwenye uchochoro karibu na bandari ya zamani. Kuhani wake alikuwa mzee mwembamba mwenye haraka. Kwa kuwa nywele hazikatwi ndani, tulikaa barazani, kinyozi akanoa wembe, na mama wa Kulesa akajikalia pembeni penye viatu.

"Shangazi yuko wapi?" kuhani akauliza.

Baba, ambaye ulimi wake haukujua likizo, akatazama chini.

"Nitazikinga mimi," mama akasema.

"Nadhiri ni yako, mama. Huwezi kuitoa wewe na kuipokea wewe."

Mama akalia. Hakulia kwa kujificha, alilia kwa sauti, mbele ya watu. Nikaogopa kweli. Pale ndipo nilipofahamu kwamba mama ana yakini kabisa kuwa, akirudi Garsen na nywele zile, atamzika na huyu.

Mdogo wangu akautazama wembe, akamtazama mama, akachomoka mbio. Alikwenda moja kwa moja mapajani kwa mama wa Kulesa, akaingiza kichwa ndani ya leso aliyojifunga. Yule mama akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Baba akainua uso.

"Shangazi yule pale," akasema.

Kuhani akageuka. "Yule? Ni ndugu yako kwa upande gani?"

"Huyu mwizi wa mizani ni kaka yangu," mama wa Kulesa akasema. "Anayetaka kumtukana na aje aniombe ruhusa mimi."

"Na mtoto?"

"Mtoto nilimpokea mzima mzima, wa moto, anapiga kelele. Nywele zitanishinda?"

Kuhani akamtazama mama, akautazama mlango wa hekalu, akashusha pumzi.

"Haya, shangazi. Tandaza leso."

Mikia ikaanguka, mmoja, wa pili, kisha vipande vidogo vidogo, vyote ndani ya leso. Mdogo wangu akatoka na kichwa cheupe, kidogo ajabu, na masikio ambayo hatukuwahi kuyaona.

"Sasa shangazi aombe zawadi," kuhani akasema.

"Najua," baba akadakia, sauti imemrudia. "Gunia la sukari."

Mama wa Kulesa hakucheka. Alikunja leso taratibu, akamgeukia mama.

"Wifi," akamwita, na kabla ya siku ile hakuwahi kumwita hivyo. "Nataka ulale. Tangu huyu azaliwe, kila alfajiri nikipita na ndizi zangu nakukuta umekaa kitako, mkono kifuani pake, unasikiliza kama anapumua. Hiyo ndiyo zawadi yangu. Ulale."

Kesho yake tulipokuwa njiani kurudi, tumeshapita Kilifi, kichwa cha mama kilimwangukia mama wa Kulesa begani, mdomo wazi, akikoroma juu ya ngozi za kuketia zilizobaki lorini, na jua kali. Lori lilipopiga shimo mdogo wangu akapiga kelele ya furaha, shangazi yake akamziba mdomo. Baba akainuka, akapepesuka mpaka mbele, akagonga paa la dereva kwa ngumi.

"Polepole, bwana wee! Mke wangu amelala."