Java kwa Ajili ya Mtalaka

Dada yangu huandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python huku akigombana na mtu kwenye simu, na hakosei. Kwa hiyo aliposema programu mpya ya zahanati zitakazofunguliwa karibuni itaandikwa kwa lugha nyingine, Java, bosi alivua miwani.

"Java? Si wewe mwenyewe bado unajifunza?"

"Nitajifunzia hukohuko kazini."

"Sawa, lugha chagua wewe. Lakini zahanati zikifunguliwa haijawa tayari, kiti hicho nampa mwingine."

Mimi mdogo wake, ninayekaa mapokezi, nilijua kilichomsukuma dada. Bosi alitaka kumwajiria msaidizi, na kati ya walioomba alikuwemo aliyekuwa shemeji yangu. Huyo ni fundi wa Python; Java hajui hata pa kuanzia. Enzi za ndoa yao waliandika pamoja programu ya maduka ya dawa, kwenye meza ya jikoni, kisha bwana akaiuza kwa jina lake peke yake. Wanunuzi walipouliza mkewe alifanya nini, akacheka. "Huyu? Alikuwa anatuletea chai." Dada alikuwa amesimama palepale, na birika mkononi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na mimi nilitaka uchungu huo aujue.

Siku ya usaili alikuja na shati lililonyooka kwa pasi. "Shemeji, za siku?" Nilimnyooshea kidole aingie ndani. Mlango wa ofisi ya dada niliuacha wazi makusudi.

"Kazi hii kwa Python inaisha upesi," nilimsikia akisema. "Java ya nini? Utaandika mistari kumi pale ambapo miwili inatosha. Na Python nilikufundisha mimi, usisahau."

"Ulinifundisha, ahsante. Java unaijua?"

"Siijui."

"Basi umekuja kutuletea chai?"

Alitoka akiangalia viatu vyake. Nilimfungulia mlango wa nje kwa mikono miwili, tena kwa furaha, wala sioni haya kuisema.

Zahanati zinafunguliwa wiki ijayo. Jana jioni nilimkuta dada peke yake ofisini, macho mekundu, akihangaika na kosa lilelile la tangu asubuhi. Msaidizi mwingine hajapatikana.

"Dada, ingekuwa Python je?"

"Ningeshamaliza mwezi uliopita." Hakugeuka. "Niletee chai, mdogo wangu."