Kikulacho Alijua Wifi Ameondoka

Wifi yangu aliondoka kwangu asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo, mtu nisiyemjua akaandika mtandaoni kwamba ameondoka.

Jirani wa mlango wa pili hakujua. Hata rafiki zangu wa karibu sikuwa nimewaambia. Yeye alijua.

Nilifunga mapazia yote, nikajikunyata nyuma ya kochi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikirukaruka mtasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni mama wa pacha, na kazi yangu watu huicheka. Nalipwa kucheza. Kampuni za michezo ya mtandaoni hutupa michezo yao tuicheze kwa siri kabla haijatoka, tutafute kasoro, tuwaandikie. Unaahidi kwa maandishi kwamba hutasema neno. Ukisema, kazi imekwisha, na huipati kwingine kwa sababu hawa watu wanajuana.

Safari hii ulikuwa mchezo wa kutisha. Jengo la ghorofa, taa zinazimika, na mwanamke amesimama ngazini kakupa mgongo. Wakanitumia na headphone zao, nzuri kweli, zenye maiki. Nikabonyeza "Nakubali" kila walipotaka nikubali. Nani anasoma yale maandishi yote?

Sasa niwaambie ukweli. Mchezo wenyewe ulikuwa hautishi hata kuku. Yule mwanamke alikuwa anakwama ukutani, miguu huku, kichwa kule. Niliandika kasoro mpaka vidole vikauma.

Nyumbani tuliishi na wifi yangu, dada pekee wa mume wangu. Ndoa yake ilivunjika, akaja kwetu na begi moja. Tulimbatiza jina la Redio. Mtu huyo anaongea! Akitumwa chumvi, anarudi na habari za mtaa mzima, na chumvi kaisahau. Lakini pacha wangu walimpenda kufa.

Siku moja niko katikati ya mchezo, kikombe cha chai ya moto kikanimwagikia mapajani. Nilipiga yowe hilo!

Redio akatoka jikoni mbio, akaingia kwa kishindo. "Yuko wapi? Yuko wapi nimvunje?"

"Wifi, na huo mwiko?" nikasema, nalia huku nacheka.

Nikavua headphone nikazitupa mezani, akanikokota bafuni kunimwagia maji ya baridi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Haikupita wiki, nikaingia kwenye kundi moja la wapenzi wa michezo. Kulikuwa na mtu anajiita Kikulacho. Alidai yuko ndani ya majaribio yetu, na alikuwa anamwaga siri. Watu wanamsikiliza kama mganga.

Nikasoma: "Huu mchezo si wa kawaida. Kuna dada kwenye majaribio alipiga yowe kwa hofu, wifi yake akavamia chumba na mwiko."

Nikasoma tena, neno kwa neno.

Chini yake maoni yanamiminika. "Huu siuchezi peke yangu." "Mimi matangazo siamini, ila za kuvuja hazidanganyi. Huyu hajalipwa na mtu."

Kabla sijameza mate, ujumbe wa msimamizi wetu wa kampuni ukaingia kwa wapimaji wote: "Kuna anayevujisha. Tumeshamjua. Hatua zinakuja."

Nikakaa kitandani. Nani aliuona ule mwiko? Mimi na Redio, basi. Na hilo jina nalo, Kikulacho! Kila mtu anajua msemo unavyomalizikia: ki nguoni mwako. Nikaona ananicheka mchana kweupe.

Nikamfuata jikoni.

"Wifi, habari ya mwiko umemsimulia nani?"

"Mwiko gani tena?"

"Usijitie hujui!"

Akaweka sufuria chini. "Sijamsimulia mtu, wifi. Haki ya Mungu."

"Wewe? Wewe Redio?"

Nikamsogezea simu usoni. Akasoma polepole, akakunja uso. "Mbona hapa wanasema uliogopa mchezo? Wewe uliungua na chai. Mimi ndiye niliyekumwagia maji, ningesemaje uliogopa? Anayeandika haya habari ya chai hana."

Mnaona? Mwanamke alinipa jibu lote mkononi. Lakini hofu ikishakupanda kichwani, masikio yanaziba.

"Utanikosesha kazi," nikamwambia. "Kesho tafuta pa kwenda."

Mume wangu alijaribu kuingilia. "Mama Pacha, huyo ni damu yangu, na hana pengine." Nikamwambia basi achague. Akatoka nje.

Asubuhi, pacha walipokwisha kwenda shule, Redio akabeba begi lake lilelile. Mtu ambaye hanyamazi hata usingizini, siku hiyo hakusema hata kwaheri.

Nikavaa headphone, nikawasha mchezo, nijifanye mtu wa kazi. Mume wangu akapiga simu.

"Ameondoka kweli?"

"Wifi ameondoka. Niko peke yangu sasa, angalau nitapumua."

Mchana nikafungua lile kundi. Kikulacho alikuwa ameandika: "Yule dada wa mwiko, wifi yake kakimbia nyumba. Sasa anacheza peke yake."

Hapo ndipo nilipoishia nyuma ya kochi.

Jamani, niliogopa. Kama si Redio, ni nani? Yuko darini? Yuko dirishani? Nilikagua chini ya kitanda na kisu mkononi. Nikafungua kabati. Nikavuta pazia la bafuni nimefumba macho. Friji ikinguruma, naruka. Niliona nikikohoa tu, huyo mtu ataandika kwamba nimekohoa.

Ndipo maneno ya Redio yakanirudia. Habari ya chai hana.

Yowe alilijua. Mwiko aliujua, kwa sababu niliutaja. Chai hatukuitaja mle chumbani, aliyeiona ni Redio peke yake. Na kwamba wifi kaondoka, nilisema mwenyewe kwenye simu.

Huyu mtu haoni. Anasikia.

Nikazima simu kabisa, nikaiweka chumba kingine, isije ikawa ndiyo inayosikiliza. Nikafunga mlango. Nikavaa zile headphone, nikawasha mchezo. Mwanamke wa ngazini alipotokea, nikasema kwa sauti, na wala sikuigiza kutetemeka:

"Mungu wangu, huyu si shangazi yangu marehemu?"

Nikazima. Nikangoja.

Kesho yake: "Habari nzito. Dada wa mwiko kamwona shangazi yake aliyekufa, amesimama ngazini. Mchezo huu unajua wafu wako."

Watu wakapagawa.

Mimi sina shangazi. Baba yangu alizaliwa peke yake.

Nilizichukua zile headphone kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika nyoka, nikazizamisha kwenye ndoo ya maji. Kisha nikampigia msimamizi.

"Kikulacho ni ninyi."

Akacheka. "Dada, uliruhusu sauti yako irekodiwe. Watu wa matangazo nao wana kazi yao. Sisi tukisema mchezo unatisha, nani ataamini? Lakini ikivuja, wanaamini wenyewe."

"Na ule ujumbe wa kumsaka anayevujisha?"

"Siri ikivuja na hakuna aliyekasirika, itanoga kweli?"

Nikakata simu. Nikaingia kundini kwa jina langu na picha yangu, nikaandika kila kitu. Chai. Maiki. Shangazi ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Mnajua walinijibu nini?

"Huyu katumwa na kampuni kuzima siri." "Weka ushahidi, mama." Mmoja akaapa kwamba anamfahamu binti wa yule marehemu shangazi, wamesoma wote!

Siku niliyovujisha kweli mimi mwenyewe, sikupata hata mmoja wa kuniamini. Kazi ilikwisha siku hiyohiyo, wala sikuililia.

Nilikwenda kwa Redio. Alikuwa kwa rafiki yake, chumba kimoja, godoro limeegemezwa ukutani ili watu wapite. Nikapiga magoti palepale mlangoni.

"Nisamehe, wifi yangu. Hukuwa wewe."

"Mimi nilikuwa najua si mimi," akasema taratibu. "Nilikuapia tumeangaliana macho kwa macho. Yule hana hata uso. Ukamwamini yeye."

"Rudi nyumbani. Watoto wananiuliza shangazi yao yuko wapi. Sina la kuwajibu."

Akatikisa kichwa. "Nitakuja kuwaona. Lakini kulala kwako, hapana. Kila kitu kikiharibika utaniangalia mimi."

Nikarudi peke yangu, nalia njia nzima bila aibu.

Wewe unayesoma, siri ikikufikia usiseme ni kweli kwa kuwa imevuja. Uliza nani kaiachia, na anakutakia nini. Na mtu anayelala nyumbani kwako akikuapia, msikilize mpaka amalize.